Mvua na mwingiliano kwenye laini ya VSAT: namna ya kupima, kukokotoa na kurekebisha

Laini ya VSAT (mawasiliano ya setilaiti kwa dishi dogo) ikidondoka wakati wa mvua, jibu la haraka huwa "mvua hiyo, ngoja ikatike". Mara nyingi ni kweli. Ila mvua na mwingiliano hufanya kazi pamoja kwa njia nne tofauti, na kila njia ina dawa yake. Kabla hujagusa boliti hata moja, jiulize: mawimbi yanayokuingilia yanapita kwenye mvua ileile inayokunyeshea wewe, au yako mahali pakavu?

Hapa tunazungumzia bendi ya Ku, ambapo kituo kidogo hupokea kati ya GHz 10.7 na 12.75 na kurusha kwenye GHz 14.0 hadi 14.5. Tuchukue kituo cha Dar es Salaam kinachotazama setilaiti iliyo nyuzi 7 Mashariki. Kwenye nyuzi 5 Mashariki kuna setilaiti nyingine, kwa hiyo jirani yuko nyuzi 2 tu pembeni. Ukiwa Dar, dishi linatazama magharibi, azimuthi nyuzi 280.6 kutoka kaskazini ya kweli (sahihisha mgeuko wa dira ya sumaku), mwinuko nyuzi 51.7, na umbali hadi setilaiti ni karibu kilomita 37,000. Mvua inagusa sehemu ndogo mno ya safari hiyo. Katika nchi za joto matone huanzia kwenye kimo cha kilomita 5 hivi, na kwa mwinuko huu mawimbi hukaa ndani ya mvua kwa kilomita 6.4 tu.

Hali nne

Ya kwanza ni jirani kwenye njia ya kushuka. Mawimbi ya setilaiti ya nyuzi 5 yanaingia kwenye dishi lako yakiwa yamepita karibu mvua ileile. Yako yakipungua dB 5 (desibeli, kipimo cha uwiano wa nguvu), yake nayo yanapungua dB 5. Uwiano wa mawimbi yako na mwingiliano, yaani C/I, haubadiliki.

Ya pili ni njia ya kupanda, na hapa mambo yanageuka. Wewe uko kwenye mvua Dar. Kituo kilichoelekezwa vibaya kinachomwagia setilaiti yako mawimbi kiko labda Dodoma, jua linawaka. Mawimbi yako yanafika juu yakiwa pungufu, yake yanafika kama kawaida. Kila dB mvua inayokunyang'anya inatoka moja kwa moja kwenye C/I.

Ya tatu ni polarizesheni, yaani mwelekeo ambao mawimbi hutetemea, wima au mlalo. Matone makubwa hayako mviringo kamili. Hubonyea kadiri yanavyoanguka, na mawimbi yanayopita humo hugeuka kidogo. Chaneli ya wima inaanza kuvujia ya mlalo kwenye masafa yaleyale.

Ya nne ni mnara wa ardhini, ambao ni tatizo la bendi ya C (masafa ya chini, karibu GHz 4) zaidi kuliko Ku. Mawimbi ya mnara yanakuja kwa mlalo kutoka kilomita moja au mbili, hayapiti kwenye safu ndefu ya mvua iliyo juu ya dishi lako. Ya kwako yanapungua, ya mnara yanabaki yalivyo.

Mvua inakula kiasi gani?

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limeweka mbinu za kukokotoa: P.837 inatoa kiwango cha mvua cha mahali, P.838 inatoa upotevu kwa kila kilomita, na P.618 inaunganisha vyote. Kiwango cha mvua cha mahali pako kichukue kwenye ramani ya P.837; hapa tunatumia mm 60 kwa saa kama mfano wa mvua inayozidiwa kwa asilimia 0.01 tu ya mwaka, yaani dakika 53 hivi. Kwa kipimo cha uani, hiyo ni mm 1 kila dakika. Kipima mvua cha kikombe kinachopinduka kila mm 0.2 kitapinduka mara tano kwa dakika.

Kwa mvua hiyo, GHz 12 hupoteza takriban dB 2.7 kwa kilomita na GHz 14 takriban dB 3.6. Mvua kali haijazi njia nzima kwa usawa, kwa hiyo P.618 inafupisha urefu hadi kilomita 4 na kitu. Matokeo ni karibu dB 11 kwenye kushuka na dB 15 kwenye kupanda. Kwenye GHz 4 ya bendi ya C, mvua hiyohiyo haifiki hata nusu dB. Ndiyo maana bendi ya C ikikatika kabisa kila inaponyesha, usilaumu mawingu: maji yameingia kwenye konekta au kwenye fidi (mdomo wa kupokea na kurusha ulio mbele ya dishi).

Kuna jambo la pembeni linalowachanganya wengi kuhusu H (mlalo) na V (wima). Herufi hizo zimepangwa kwa kufuata setilaiti na ikweta. Setilaiti ikiwa mbali magharibi huku wewe uko karibu na ikweta, mhimili unageuka: Dar kwa nyuzi 7 Mashariki, mgeuko ni nyuzi 77 hivi. Kinachoitwa "mlalo" kwenye jedwali la transponda (kifaa ndani ya setilaiti kinachopokea na kurudisha mawimbi) kinafika kwako karibu wima. Fundi anayeweka fidi wima kwa macho kwa sababu karatasi imesema V anapokea chaneli isiyo yake.

Hesabu ya njia ya kushuka

Namba ambayo modemu inaonyesha si kelele ya joto peke yake. Imejumlisha kelele, jirani, uvujaji wa polarizesheni na hali ya njia ya kupanda kutoka kituo kikuu, kile kinachowasiliana na vituo vidogo kupitia setilaiti. Ili kujumlisha, geuza kila dB kuwa uwiano kwa 10^(−x/10), jumlisha, kisha rudisha kwa −10 log.

Tuseme siku kavu una (C/N ni uwiano wa mawimbi yako na kelele):
- C/N ya joto, kushuka: dB 14, sawa na 0.0398
- C/I ya jirani: dB 18, sawa na 0.0158
- C/I ya polarizesheni: dB 25, sawa na 0.0032
- C/N ya kupanda kutoka kituo kikuu: dB 24, sawa na 0.0040

Jumla ni 0.0628, yaani dB 12.0. Mwingiliano peke yake umekula dB 1.6, kwani bila hizo mbili za katikati ungesoma 13.6.

Sasa inanyesha, na njia ya kushuka inapoteza dB 5. C/N ya joto haipungui dB 5 tu. Mvua yenyewe inatoa joto la redio: 275 × (1 − 10^(−0.5)), yaani nyuzi 188 za Kelvin. Kama mfumo wako, pamoja na LNB (kikuza mawimbi cha kupokea kilicho kwenye fidi) yenye kelele ya dB 0.8, ulikuwa na 100 K, sasa una 288 K, na hiyo ni dB 4.6 nyingine. Jumla ya hasara ni dB 9.6, C/N ya joto inashuka kutoka 14 hadi 4.4, sawa na 0.363. C/I ya jirani imebaki 18. Jumla mpya ni 0.386, yaani dB 4.1.

Angalia kilichotokea kwa mwingiliano. Siku kavu ulikugharimu dB 1.6. Ndani ya mvua unagharimu dB 0.2 tu, kwa sababu kelele imefunika kila kitu. Kwa hiyo jirani wa kushuka mtafute siku ya jua. Anayekwenda kumpima wakati wa mvua hatamwona.

Kwa modemu ya DVB-S2 (kiwango cha kurusha data kwa setilaiti), dB 12.0 zinatosha mpangilio wa kasi wa 16APSK 3/4 ambayo inahitaji dB 10.2 kinadharia. Kwenye dB 4.1 modemu inarudi hadi QPSK 2/3 inayohitaji dB 3.1, na kasi inashuka chini ya nusu. Laini haijakatika, ila mteja atapiga simu.

Hesabu ya njia ya kupanda

Setilaiti inatazama dunia yenye joto la karibu 290 K wakati wote, hivyo mvua ya Dar haimwongezei kelele. Kinachopungua ni nguvu yako tu. Tuseme siku kavu C/N ya kupanda ni dB 16, C/I ya kupanda dB 18, na kushuka kwa kituo kikuu dB 22. Jumla ni dB 13.2. Bila mwingiliano ingekuwa 15.0.

Mvua ikikata dB 5, zote tatu zinashuka pamoja: 11, 13 na 17. Ya tatu inashuka kwa sababu transponda inarudisha chini kile ilichopokea. Jumla mpya ni dB 8.2. Hasara ni dB 5 kamili, nafuu kuliko kule kushuka, lakini gharama ya mwingiliano imebaki ileile ya dB 1.8 mpaka kwenye kizingiti. Haifunikwi na kitu. Ukiwa na shilingi moja ya kutumia kwenye mwingiliano, itumie kwenye njia ya kupanda.

Kulenga dishi: kazi ya siku kavu

Hapa ndipo dB nyingi hupotea, na zinapotea kimyakimya. Dishi la mita 1.2 kwenye GHz 12 lina upana wa boriti, yaani mwonzi wa mawimbi, wa nyuzi 1.46. Likilengwa sawasawa, jirani wa nyuzi 2 anapunguzwa kwa dB 20 hivi. Likipotoka nusu nyuzi kuelekea kwa jirani, mawimbi yako yanapungua dB 1.4 tu, kiasi ambacho wengi wataacha kipite, lakini jirani sasa yuko nyuzi 1.5 kutoka katikati ya boriti na anapunguzwa dB 12.7. C/I imeshuka zaidi ya dB 8. Nusu nyuzi ni tofauti ya milimita 10 kati ya ukingo mmoja wa dishi hilo na ule wa pili. Mlingoti uliosimikwa kwenye zege ambalo halijakauka, au kwenye ukuta wa tofali za kuchoma bila boliti za kupenya, unatosha kuipoteza kwa upepo mmoja wa masika.

Dishi la sm 75 lina boriti ya nyuzi 2.3, hivyo hata likilengwa vizuri linampunguza jirani huyo kwa dB 9 hadi 11 tu. Kwenye sehemu yenye majirani wa nyuzi 2, usilitumie kurusha bila idhini ya mwendeshaji wa setilaiti.

Namna ya kulenga:

1. Tafuta bikoni (mawimbi ya alama yanayorushwa na setilaiti yenyewe) au chaneli ya setilaiti yako na uithibitishe kwa masafa na kitambulisho. Kiwango kikubwa si uthibitisho. Jirani naye ana kiwango kikubwa.
2. Sogeza azimuthi kulia hadi kiwango kipungue dB 3, weka alama. Sogeza kushoto hadi kipungue dB 3, weka alama. Rudi katikati ya alama mbili. Kilele chenyewe kimekaa bapa na hudanganya jicho. Kingo mbili hazidanganyi.
3. Fanya vivyo hivyo kwa mwinuko, kisha rudia azimuthi.
4. Kaza boliti kwa kupokezana, robo mzunguko kila moja, macho yakiwa kwenye analaiza (kifaa kinachoonyesha mawimbi kwa masafa). Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, dishi litahama.
5. Piga simu kituo cha usimamizi wa setilaiti, rusha mawimbi safi yasiyo na data kwa nguvu watakayokupa, na zungusha fidi hadi waseme uvujaji umefika chini kabisa. Wengi hutaka dB 30 au zaidi. Kosa la nyuzi 1 la fidi linaacha dB 35. Nyuzi 2, dB 29. Nyuzi 5, dB 21 tu.
6. Waombe wapime mahali BUC (kikuza mawimbi cha kurusha) inapoanza kujaa, yaani pale unapoongeza dB 1 lakini juu inafika pungufu. Andika namba hiyo kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati la modemu.

Tukirudi kwenye uvujaji wa polarizesheni unaosababishwa na mvua: kwa mwinuko na mgeuko wa mfano wetu, mvua ya dB 5 kwenye GHz 12 inaacha utengano wa dB 33 hivi, na hata mvua ya dB 15 inaacha karibu 23. Kufikia hapo laini imeshakufa kwa upungufu wa mawimbi. Kwa hiyo kwenye Ku ukiona uvujaji, shuku fidi kabla ya mvua. Polarizesheni ya duara ndiyo huumia zaidi kwa matone, na bendi ya C hutumia hiyo mara nyingi.

Kuongeza nguvu wakati wa mvua bila kumuumiza jirani

Vituo vingi vina udhibiti wa nguvu wa kupanda unaojiendesha: mfumo unaona njia ya kushuka imepungua, unakisia njia ya kupanda, unaongeza nguvu ya BUC. Ukifanywa sawasawa haumuumizi mtu, kwa sababu mawimbi yanayomwagika kuelekea setilaiti jirani nayo yanapita kwenye mvua ileile na kupungua. Madhara huja pale mfumo unapoongeza kuliko mvua inavyokula.

Kisababishi kikubwa ni kipimo kisicho sahihi. Chukua kiwango cha bikoni, si Es/N0, ile namba ya ubora inayoonyeshwa na modemu. Katika hesabu yetu mvua ya dB 5 ilishusha namba ya modemu kwa dB 7.9, kwani humo kuna kelele iliyoongezeka. Uwiano wa GHz 14 kwa GHz 12 ni karibu 1.32, hivyo nyongeza halali ni dB 6.6. Ukitumia namba ya modemu utaongeza 10.4, karibu dB 4 zaidi. Jirani anazipata zote hizo, na BUC iliyobanwa hadi mwisho inatawanya mawimbi kwenye chaneli za pembeni ndani ya transponda yako mwenyewe.

Kama huna kipokezi cha bikoni, tengeneza jedwali lako. Kwa kituo cha mfano wetu, upungufu wa modemu wa dB 2.1 unamaanisha mvua ya dB 1, 3.8 ni dB 2, 5.3 ni dB 3, na 7.9 ni dB 5. Kituo chenye LNB au mwingiliano tofauti kitakuwa na namba zake.

Mipangilio inayofaa kuanza nayo: hatua za dB 0.5, kikomo cha juu ambacho kinaiacha BUC dB 2 hadi 3 chini ya mahali inapojaa, na kushuka kwa haraka kuliko kupanda, kwa sababu mvua ya kitropiki hukatika ghafla na kila sekunde ya nguvu ya ziada kwenye anga kavu ni mwingiliano kwa mwingine. Weka pia sharti la mwisho: bikoni ikishuka zaidi ya kiasi ambacho mvua inaweza kueleza, au ikikaa chini kwa saa nyingi, nguvu irudi ya kawaida na kengele ilie. Dishi lililosukumwa na upepo, kebo iliyolowa na LNB inayokufa vyote hushusha bikoni, na mfumo usio na sharti hili utaongeza nguvu mchana wa jua huku dishi likitazama kwa jirani.

Maji yasiyo mvua

Kifuniko cha plastiki mdomoni mwa fidi kikipasuka, maji huingia ndani ya bomba la mawimbi. Dalili yake ni wazi: mvua imekatika saa mbili zilizopita, anga ni jeupe, na laini bado iko chini, kisha inapanda polepole jua linapokausha kila kitu. Mvua angani haiachi mkia wa namna hiyo. Badilisha kifuniko, kukibandika gundi juu ya ufa ni kuficha maji ndani.

Konekta za nje zifunge kwa tepu ya mpira inayojigandisha, ukianzia chini kwenda juu ili mikunjo itazame chini, halafu tepu ya plastiki juu yake kuzuia jua. Acha kebo ishuke kwenye kitanzi kabla haijaingia LNB au ukutani, maji yadondoke hapo. Shaba ya ndani ikiwa imegeuka kijani au nyeusi, kata sentimita 30 uone. Kama weusi unaendelea, kebo nzima iondolewe.

Uso wa dishi wenye vumbi na ukungu hushika maji kama blanketi. Osha kwa maji na sabuni laini mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Usitumie brashi ya waya.

Ukiitwa wakati wa mvua

Soma kwanza bikoni, Es/N0 ya kushuka, na taarifa ya kituo kikuu kuhusu njia yako ya kupanda, kwa dakika ileile. Bikoni ikishuka na Es/N0 ikashuka kwa uwiano wa jedwali lako, ni mvua, iache. Es/N0 ikishuka na bikoni imetulia, mvua yaweza kuwa kwenye kituo kikuu, au mtu anarusha juu ya chaneli yako. Bikoni na kushuka vikiwa sawa lakini kituo kikuu kinakulalamikia, tazama BUC na kebo yake ya kurusha.

Kwa bendi ya C karibu na minara ya simu, fungua analaiza kati ya GHz 3.4 na 3.8. Kilima kipana kisichobadilika mvua ikianza au ikikatika ni cha ardhini. Kichujio kati ya fidi na LNB hutatua kesi nyingi, mradi masafa ya mnara hayaingii ndani ya chaneli zako. Yakiingia, suala ni la mdhibiti wa masafa, TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda.

Malalamiko kwa mwendeshaji wa setilaiti yaambatane na masafa, polarizesheni, saa kwa UTC, picha ya analaiza ya siku kavu na ya wakati wa tatizo zenye mipangilio ileile, na hali ya hewa ya pale kituoni. Picha ya siku kavu ipige leo, kabla hujaihitaji.